Penalti ya Geita, Mwaka wa Mafua

Tuliondoka Shinyanga kwa sababu ya barua. Mwaka ule mafua makali yalizunguka dunia nzima hadi yakatufikia na sisi, na wakubwa wa ligi ya jimbo walituandikia mara tatu ndani ya wiki mbili. Barua ya kwanza ilisema michezo yote imesimamishwa. Ya pili ikasema michezo inaendelea, ila bila watazamaji. Ya tatu, iliyokuja kabla hatujamaliza kubishana juu ya ya pili, ilisema timu isiyomaliza ratiba mwezi huo itafutwa. Nilizisoma zote mbele ya wenzangu, na nilipomaliza hakuna aliyeelewa, mimi msomaji nikiwa wa kwanza.

Sisi tulikuwa timu ya jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Tuliandikwa kuwa wapanga marobota, lakini mji mzima ulijua kwamba wenzangu waliajiriwa kwa ajili ya miguu yao, na mimi kwa ajili ya mikono, maana nilikuwa golikipa. Ilibaki mechi moja, ugenini, dhidi ya wachimba dhahabu wa Geita. Tukitoka sare, tunabaki kwenye ligi. Tukifungwa, tunashuka. Na meneja alikwisha kutuambia kinagaubaga kwamba tukishuka atatuachisha kazi, na nyumba za kambi ya jineri tutazihama.

Alhamisi asubuhi tulipanda lori, watu kumi na watatu. Mama Kulwa, mke wa kapteni wetu Masanja, alikuja na viazi vya kuchemsha kwenye kapu. Alikuwa mjamzito, na nyumba ile ya jineri ndiyo pekee aliyokuwa nayo.

"Baba Kulwa," alimwambia mumewe, "mimi mpira siujui. Niambie tu, nifungashe vyombo au nisifungashe?"

"Usifungashe," Masanja alijibu.

"Na wewe Athumani," akanigeukia mimi, "mikono hiyo isilale."

Nikacheka. Nilikuwa kijana mwenye majivuno, nikamwambia atulie kabisa.

Njia ya Mwanza ilikuwa imefungwa kwa sababu ya ugonjwa, basi tukazungukia magharibi. Tulipofika Tinde tulikuta kamba imevutwa barabarani na askari mmoja amefunga kitambaa puani.

"Mtu asishuke!" alipiga kelele. "Anayetoka mjini hakanyagi hapa!"

Tulikaa juu ya lori zaidi ya saa mbili juani, tumebanwa na haja, tukingoja karatasi yetu isomwe. Aliyeisoma aliishika juu chini. Mwishowe kamba ikalegezwa, tukaenda kujisaidia porini huko mbele, kila mtu na kichaka chake.

Jioni tulifika Ushirombo. Hapo bwana afya alitupokea kwa fimbo mkononi. "Mtu asibaki ndani ya gari! Shukeni wote, msukutue!"

"Tinde tumeambiwa tusishuke," nilimweleza.

"Kwani hapa Tinde?"

Tukashuka, tukasukutua maji ya chumvi kwenye kata moja tuliyopokezana watu wote kumi na watatu. Hata leo sijui ile kata ilikuwa inazuia ugonjwa au inaugawa. Mama mmoja muuza karanga alisimama ng'ambo ya barabara, kwa kuwa walikatazwa kutukaribia. Masanja, Msukuma wa Didia, hawezi kununua kitu kwa mtu ambaye hajamsalimu sawasawa. Basi wakaanza kusalimiana kwa kupaza sauti: mwadila, na watoto je, na ng'ombe je, na mvua je, mpaka koo likamkauka. Zile karanga mama akazirusha moja moja, tukadaka. Mimi sikukosa hata moja, wenzangu wakanishangilia.

Ijumaa, jua likiwa linaelekea kuzama, tuliingia Geita. Nilitegemea kelele za wachimbaji na vilabu vilivyojaa. Lo! Nilikuta kambi kimya, watu wanakohoa mabandani. Mwenyeji wetu alikuwa Bwana Mapunda, karani aliyetoka kusini, katibu wa timu yao. Alitusalimia akiwa hatua kumi.

"Karibuni sana, jamani, ila msije karibu," alisema. Tulipotaka kucheka tukaona uso wake hauna kicheko. "Nina wachezaji kumi tu wazima. Golikipa wangu amelazwa."

Jumamosi asubuhi refa alitupima homa. Ndiyo, refa alikuwa dresa, msaidizi wa daktari wa pale pale kambini. Alipotupima sote, alitoa simu ya maandishi kutoka ligi: mchezo uchezwe leo, kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, ama timu zote mbili zifutwe.

"Basi timu yenye watu wa ziada imwazime mwenzake," alisema. "Na mwenye upungufu ndiye anayechagua."

"Mnachagua nani?" Masanja aliuliza.

Bwana Mapunda hakufikiri hata kidogo. Alininyooshea kidole. "Yule."

Mambo gani haya! Niliwatazama wenzangu. Tulikuwa na golikipa wa akiba, Hamisi, yeye ndiye angekaa langoni kwetu. Na mimi nikae lango la watu ambao wakitufunga tunakosa kazi? Beki wetu mmoja alipita karibu nami akinong'ona, "Athumani, unajua la kufanya." Mwingine akanikonyeza. Masanja peke yake alinijia wazi, akasema mbele ya wote, "Daka kama unavyodaka kwetu." Sasa nimsikilize nani? Nilivaa jezi ya mgonjwa, imenilegea mabegani na inanuka dawa, nikaenda kusimama upande nisioujua.

Saa kumi mpira ulianza. Hatukupeana mikono, ilikuwa marufuku. Watazamaji waliwekwa mbali nyuma ya kamba, wengine wamepanda juu ya kichuguu. Kipindi cha kwanza hakuna aliyeona lango. Wachimbaji walikuwa wamedhoofika, wakikimbia kidogo wanashika magoti. Fowadi wetu nao walipofika mbele yangu walipiga ovyo, nadhani walikuwa wanaona aibu. Mpira mmoja ulinijia taratibu kabisa, nikaudaka bila kutaka. Beki wetu alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau.

Kipindi cha pili Hamisi aliteleza, wakafunga. Bao moja kwa bila. Wachimbaji waliruka, mmoja akanikumbatia, marufuku au si marufuku. Nami nikajikuta natabasamu, halafu nikakumbuka kwamba bao lile limenifunga mimi mwenyewe. Kichwa kiliniuma. Nilihesabu dakika nikiomba wenzangu wapate hata bao la kubahatisha.

Zikiwa zimebaki dakika chache, mchimbaji mmoja aliunawa mpira ndani ya boksi. Penalti! Masanja akauweka mpira.

Hapa nieleze vizuri. Masanja alikuwa na penalti moja tu duniani: kushoto kwa golikipa, chini, karibu na nguzo. Kwa misimu miwili mazoezini nilikuwa nimezipokea kila jioni. Nilijua, naye alijua kwamba najua. Nilimfikiria Mama Kulwa na tumbo lake, nikayafikiria marobota, nikafikiri nitarudi kwa nani. Nikakata shauri. Nitaruka kulia, kwa nguvu, kama mtu aliyedanganywa, mpira uingie kushoto, na Mungu anisamehe.

Filimbi ikalia. Nikaruka kulia. Mpira ukanijia kifuani.

Nilianguka nao, umenikaa mikononi, sijui nini kimetokea. Nilitaka kuuachia lakini mikono haikukubali. Wachimbaji wakanilalia juu, Bwana Mapunda akaivuka kamba akilia, na refa akamaliza mchezo.

Jumapili tulianza safari ya kurudi. Juu ya lori hakuna aliyenisemesha. Viazi vilivyobaki vilipita kutoka mkono hadi mkono, vikaniruka. Tulipokuwa tumepita Kahama, Masanja alihama alipokuwa, akaja kukaa ubavuni mwangu.

"Mwacheni huyu," aliwaambia wote. "Nilijua Athumani hawezi kuuza mchezo. Nilijua atauvamia ule mpira kushoto. Ndiyo maana nikabadilisha, nikapiga kulia. Kumbe naye amenisoma mpaka ndani. Huyo ndiye golikipa."

Wenzangu wakaguna. Mmoja akasema, haya, kweli. Mwingine akanipa kiazi. Nami nilikaa na kile kiazi mkononi, nimeona haya mpaka masikio yanawaka.

Shinyanga habari zilitutangulia. Wiki ile ile wenzangu wote waliachishwa kazi. Meneja akaniita mimi, akasema amesikia nilivyowadakia wageni kwa haki hata dhidi ya timu yangu, na mtu wa namna hiyo hawezi kumwacha. Akanipa funguo za ghala.

Nilichojifunza katika safari ile si kikubwa, na hakinipi raha: mtu anaweza kusifiwa maisha yake yote kwa jambo aliloshindwa. Kuhusu mafua na barua za ligi sijaelewa hadi leo.

Siku Masanja alipohama kwenda Didia nilimsaidia kupakia. Mama Kulwa alikuwa ameshakaa juu ya mkokoteni, ameshika vyombo vyake, hakunilaumu hata kwa jicho. Masanja akanipa mkono, wa kwanza tangu ugonjwa uingie.

"Niambie kweli," alisema. "Ningepiga kushoto kama kawaida yangu, ungedaka?"

Nilitazama mkono wake ndani ya wangu.

"Ndiyo, kapteni," nikasema. "Ningedaka."