Mdogo Wangu Hana Jini, Hataki Kitana

(Jina la msomaji huyu na anwani yake tunavijua, tumevificha kama alivyoomba.)

Ndugu Mhariri na wasomaji wenzangu, mimi ni msichana wa miaka kumi na tano. Nimemaliza darasa la saba na nimechaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Tunaishi Kariakoo, katika nyumba ya kupanga yenye ua mmoja na wapangaji wengi, kwa hiyo la kwetu la asubuhi, adhuhuri mtaa mzima unalo. Baba ni mpagazi wa ghala. Wazazi wangu wote kwao ni Lindi. Ninaandika kwa ajili ya mdogo wangu wa kike, nitakayemwita Zuhura.

Zuhura ana miaka minane na hasemi. Anasikia, anacheka, anapenda kupanga vizibo vya soda sakafuni. Lakini hujigonga kichwa ukutani mpaka paji linavimba. Wapangaji wakisikia kishindo huja mbio, huyu na ubani, yule na maji, mwingine anasoma dua. Shangazi, dada yake Baba, ndiye aliyetoa hukumu: "Huyu ana jini, na jini lake halitaki kitana. Hamwoni linapanda akisukwa?" Tangu hapo, akijigonga tu, Mama hutupa kitana, mtoto akafukizwa, akalazwa mkekani. Nywele zake zikafungamana kama katani.

Na mimi niliamini. Kisha mwalimu wetu wa sayansi akatufundisha kwamba ukitaka kujua sababu ya jambo, angalia kilichotangulia na kilichofuata, na ujaribu kubadilisha kitu kimoja kimoja. Alikuwa anazungumzia mimea ya shamba la shule. Mimi nikamfikiria Zuhura.

Nilisubiri watu wazima waende kupanga foleni ya unga. Nikaweka mto ukutani asijiumize. Nikakaa naye bila kumsemesha: hakujigonga. Nikamwacha peke yake, nikichungulia nyuma ya pazia: hakujigonga. Nikacheza naye: alicheka. Nikachukua kitana, nikagusa nywele. Akaupiga mto kwa kichwa. Nikakiweka chini, naye akaacha papo hapo, akarudi kwenye vizibo vyake. Jini gani hilo linaloondoka kabla ubani haujawashwa?

Shangazi alikuwa ameona sawa kuhusu kitana. Kosa lake, na letu sote, ni kwamba hatukutazama kilichofuata. Zuhura hana neno la kusema "basi, naumia". Kila tulipotupa kitana baada ya kichwa kugonga, tulimfundisha kwamba neno hilo ni ukuta.

Nikaamua kumpa neno jingine. Nilishika mkono wake, nikagonga nao goti langu, na hapo hapo nikaondoa kitana. Nikarudia hivyo mara nyingi. Siku moja akaligonga mwenyewe, akanitazama kama anauliza kama kweli nimesikia. Nikaweka kitana chini, nikambusu. Baadaye nikawa napaka mafuta ya nazi, naanzia nchani ili nisimvute, nachana kidogo, akigonga goti napumzika, kisha tunaendelea. Akirukia mto sikukiondoa kitana. Nilisubiri, nikamwongoza mkono kwenye goti. Hatimaye nilimsuka kichwa kizima, mistari ya mtindo uitwao twende kilioni, tukatoka uani.

"Hee, twende kilioni!" mpangaji mmoja akapiga kelele. "Kwani nani kafa?"

"Jini, mama," nikamjibu.

Ua mzima ulicheka. Shangazi hakucheka. "Mtoto anamgonga goti mkubwa wake na mkubwa anatii! Mmefuga mfalme humu? Jini limejificha tu."

Wiki hiyo hiyo alimshawishi Baba. Wameamua kwamba kabla sijaenda shule, Zuhura apelekwe Lindi kwa mganga anayewafunga wagonjwa kamba mpaka jini liseme. Wasomaji, Zuhura hasemi. Watamfungua lini?

Nilimwambia Baba, "Sikubali." Sijawahi kumwambia hivyo maishani.

"Wewe ni nani hata ukubali?"

"Dada yake."

Hakunipiga. Alisema, "Mwanangu, ukiondoka nani atamshika? Mama yako akisikia kishindo anatetemeka."

Hilo ni kweli, na ndilo linaloniuma. Jana nilimkalisha Mama nyuma ya Zuhura achane yeye. Shangazi akawa anamsemesha kutoka mlangoni, Mama akageuka kumjibu. Zuhura akagonga goti la Mama, akagonga tena. Mama hakuona. Ndipo kichwa kikaenda ukutani, Mama akatupa kitana. Shangazi akasema, "Si nilisema?" Nilimjibu mbele ya wote kwamba mtoto ameomba kwa adabu na sisi ndio tuliokosa adabu. Nimeambiwa nina mdomo. Sawa, ninao; mdogo wangu hana.

Wengine mtaniambia nimtii Baba. Hilo nimeshaambiwa, msipoteze wino. Wengine mtasema niiache shule. Siiachi, na Zuhura haendi Lindi. Nikirudi likizo nataka nimkute hapa, kichwa kimesukwa. Siku ya safari hiyo ya Lindi nitasimama mlangoni. Lakini Baba ananizidi nguvu, na mlango pekee hautamlinda Zuhura nikishaondoka. Anayeweza kumlinda ni Mama, kama hofu itamtoka.

Leo jioni nitamkalisha tena, Shangazi akiwa ameenda sokoni, na mto nitaushika mimi. Ninyi mliolea mtoto wa namna hii, naombeni ushauri upesi: nimfundisheje mama yangu kulisikiliza goti kabla ya ukuta?