Kondoo wa Sista Nafula

Siku moja imekataa kunitoka akilini, mwanangu. Nilisimama kwenye lango la hospitali hapa Nyeri mjini, nimeshika kamba ya kondoo dume aliyenona hadi anatembea kwa shida. Bawabu akaniangalia, akamwangalia kondoo, akauliza, "Mama, hiyo kondoo inaumwa wapi?" Nikacheka, nikamwambia ni ya Sista Nafula wa wodi ya moyo. Sasa tulia nikueleze nilivyofika hapo, maana wewe una haraka kama maziwa yaliyo jikoni.

Nilikuwa bado mama kijana, tena nilishindwa kupanda kile kilima cha kwetu Giakanja bila kukaa chini njiani kama ajuza. Daktari akasema mlango mmoja wa moyo wangu umeharibika, lazima kifua kipasuliwe. Nilipozinduka baada ya upasuaji, uso wa kwanza kuuona ulikuwa wa Sista Nafula, muuguzi mnene, Mluhya wa kule Bungoma, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Akanipa mto niukumbatie kifuani, mshono usiniume sana, akasema, "Kohoa."

Nikamwambia siwezi.

"Utaweza. Kohoa, mama, ama unataka mapafu ijae maji halafu unilaumu mimi?"

Nikakohoa huku nalia, na nikamtukana kwa Kikuyu nikidhani haelewi. Kumbe ameishi Nyeri miaka mingi kuliko ndoa yangu! Akacheka tu, akanifuta machozi. Ni yeye aliyeniosha nilipokuwa siwezi kuinua mkono. Ni yeye aliyenisuka nywele Jumapili ile watoto wangu walipokuja kuniona, ili wasimwogope mama yao. Na nilipoanza kutembea tena, alitangulia kinyumenyume mbele yangu, mikono ameinyoosha, akiniita kama mtoto, "Kuja, kuja, usiangalie chini."

Siku ya kutoka hospitalini sikumwambia asante. Usinitolee macho hivyo. Kwetu, mtu aliyekurudishia uhai hashukuriwi kwa mdomo mtupu. Anapelekewa kondoo dume aliyefungiwa kizimbani ndani ya nyumba, akalishwa marando ya viazi vitamu mpaka mkia uwe mzito kwa mafuta. Nikajiambia, nitarudi na kondoo, nimkabidhi mbele ya wenzake wote, wajue watu wa kwetu wanajua kushukuru.

Basi nikamfungia kondoo. Kila nikimpapasa mgongo nahisi mfupa, nasema bado kidogo. Mama mkwe wangu, mtu wa maneno machache, alinikuta siku moja namkatia marando. Akasimama mlangoni, akaniuliza, "Huyu unamnonesha kwa ajili ya yule muuguzi, ama kwa ajili ya macho ya watu?" Nikanuna wiki nzima. Si yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hiyo mila? Waswahili walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini nani angeniambia mimi kitu siku hizo!

Nikienda kliniki, nilipitia mlango wa nyuma ili nisikutane naye mikono mitupu. Aibu, mwanangu, aibu tupu. Siku moja akaniona kwenye varanda. "Mama Wambui!" aliita. Nilimsikia vizuri sana, maana sauti ile haikuwa ya kukosa kusikika. Nikainama nikajifanya nafunga kiatu, kisha nikashika njia yangu bila kugeuka. Nikasema moyoni, utanisamehe ukiona kondoo.

Sasa turudi pale langoni. Bawabu alikwenda, akarudi na muuguzi kijana aliyekuwa akifanya kazi na Sista. Yule binti alimtazama kondoo kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Wewe ndiye Mama Wambui wa Giakanja? Pole sana, mama. Sista tulimzika kwao Bungoma, kabla ya Pasaka. Aliugua muda mfupi tu."

Naye, maskini, akaongeza bila nia mbaya, "Alikuwa anauliza habari yako sana. Alisema ulimpita bila kumsalimia, ati pengine alikuumiza na ile kukohoa alikuwa anakulazimisha."

Nilikaa chini pale pale kwenye nyasi. Nililia kuliko nilivyolia siku ile ya kukohoa na mto kifuani. Kondoo akawa anakula maua ya hospitali, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumfukuza.

Kondoo nilimwacha kwa wauguzi wenzake Sista. Na unajua walifanya nini? Walinishika mikono, wakaniambia, "Asante, mama," papo hapo, mikono mitupu. Na ikatosha kabisa, mwanangu. Ikatosha kabisa.

Majuto ni mjukuu, na wangu bado ninaye. Juzi nilikusikia ukisema juu ya yule mwalimu aliyekuwa akikukalisha jioni mpaka ukaelewa hesabu, ati utamtembelea ukishapata kazi na gari. Acha hayo! Mpigie simu leo. Kutoa ni moyo, si utajiri. Mila ya kondoo ni nzuri, wala sijaikana, lakini neno litangulie, kondoo afuate. Na mtu aliyekutendea wema akikuita, hata kama huna kitu, geuka, umwitikie.

Moyo huu alioulea Sista Nafula bado unapiga, na kwa huo nakubariki. Mungu akupe watu wa kukushika mkono unapojifunza kutembea upya, na siku utakayokwenda kuwashukuru, uwakute wakiwa hai.