Kumrudisha Bibi Idodi

Tuliondoka Uyole alfajiri ya Ijumaa kumrudisha Bibi nyumbani Idodi, alikotaka kuzikwa. Alikuwa mwalimu mstaafu. Wazazi wetu walipofariki alitulea mimi na mdogo wangu Baraka. Niliacha shule kidato cha pili, nikalima viazi ili Baraka asome. Bibi alipopooza nilimchukua kwangu Uyole, nikamuuguza miaka mitatu mpaka akakata roho.

Igawa tulisimama, dereva anywe chai. Baraka alikuwa na karatasi mapajani: historia ya marehemu, iliyoandikwa na Mjomba, ambayo Baraka angeisoma kanisani. Nikaichukua. "Ameacha wajukuu watatu, wote wahitimu wa chuo kikuu."

"Tuko wanne," nikamwambia. "Wewe, watoto wawili wa Mjomba, na mimi."

"Dada, Mjomba anasema mjukuu wa mwalimu kuishia kidato cha pili, watu watacheka."

"Wacheke. Jina langu liandike."

Bibi ndiye aliyewaandikia Idodi nzima historia za marehemu wao. Kabla ya kushika kalamu aliuliza, "Nani alimuuguza?" Jina hilo lilitangulia vyeo vyote. Baraka alijua. Akaazima kalamu ya dereva, akaandika pembeni kwa mwandiko wake mzuri: "Aliuguzwa na mjukuu wake mkubwa, Zawadi."

Makambako palikuwa na ukungu na baridi. Njia nzima nililishikilia jeneza upande wa kichwa. Baada ya Iringa mjini lami ikatuacha, likabaki vumbi.

Jioni tulifika Idodi. Jirani yake Bibi, Mama Sofia, alinipokea mlangoni.

"Kamwene, mwanangu. Umemleta?"

"Nimemleta, mama."

"Alikuwa mzito kumgeuza?"

"Mwanzoni. Mwishoni nilimbeba kama mtoto."

Akanishika mikono, akalia. Mjomba akapita nyuma yetu. "Zawadi, salamu baadaye. Jikoni wanakungoja."

Jumamosi saa tano kanisa lilijaa wanafunzi wake wa zamani, wengine wenye mvi. Nilikaa benchi la mbele. Wino wa bluu pembeni mwa karatasi niliuona. Baraka alisoma vizuri, kama mtangazaji. Alipofika kwenye ugonjwa nikajiweka sawa.

"Aliuguzwa na familia," akasema. "Ameacha wajukuu watatu, wote wahitimu wa chuo kikuu."

Mama Sofia akanigusa kiwiko. "Kwani wewe ni nani?"

"Mpishi," nikamjibu.

Jumapili asubuhi Baraka alinisindikiza mpaka kwenye basi.

"Dada, Mjomba alikuwa ananitazama."

"Mimi pia nilikuwa nakutazama."

Nikapanda. Nimerudi kwenye viazi vyangu na jambo moja nililojifunza: mtu anaweza kusimama mbele ya jeneza la aliyemfundisha kusoma, akaruka mstari alioandika kwa mkono wake, na sauti isitetemeke. Huenda hilo hufundishwa madarasa ya mbele. Mimi sikufika.