Jina Moja Mbele ya Gari

Kila asubuhi, fundi wa makumbusho ya magari ya kale huko Dubai huzipumulia taa za gari moja kuukuu, akazipangusa kwa kiganja. Wageni wakija, huwasimulia polepole: ndugu wawili walianzisha kiwanda kilichounda gari hilo, wakagombania jina la kuandikwa mbele ya gari, mmoja akaondoka, na mwaka wa tatu kiwanda kikafungwa. Damaris, mkata tiketi, ameizoea hadithi hiyo. Jana, wageni walipotoka, alimwuliza, “Fundi, yule aliyebaki hakumfuata nduguye?”

Mkono wa fundi ukasimama juu ya lile jina. “Hakumfuata, mwanangu. Alingoja aombwe radhi.” Akalipangusa kwa kiganja. “Nami ndugu yangu nilimngoja vivyo hivyo. Niliporudi Mombasa, nikaonyeshwa kaburi.”