Siku Wangari Alipojivua Leso

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo inanichoma uso. Ilikuwa ruracio, sherehe ya mahari, ya dada yangu Wangari, huyu unayemwita Anti, nyumbani kwetu nyuma ya mtaa wa Karen. Wewe hukuwa umezaliwa.

Wangari ni injinia wa stima, na si mambo ya kubadilisha balbu. Anasimamia zile laini kubwa za juu ya minara ya chuma. Fundi hagusi waya mpaka yeye athibitishe stima imekatwa.

Basi tulikuwa wasichana kadhaa, tumefunikwa leso kichwa hadi miguu, tukingoja Kimani, mchumba wa dada, aje amtambue kati yetu. Nilikuwa ubavuni mwa dada. Tukasikia mzee wa upande wao akiuliza, "Na huyu msichana ataparamia vyuma na wanaume mpaka lini?"

Baba mkubwa, msemaji wetu, akacheka. "Hayo ameshaacha, wazee. Anaomba kazi ya meza pale Westlands, awe anafika nyumbani mapema kupika."

Uongo mtupu. Wiki hiyo hiyo dada alikuwa amekabidhiwa laini mpya, kitu alichokitamani tangu atoke chuo. Nikasikia anataka kuinuka. Nikamfinya. "Nyamaza, utatuaibisha."

Akajivua leso mwenyewe mbele ya wazee, kabla hajachaguliwa. Kwetu hilo halifanywi.

"Baba mkubwa, sijaacha kazi na siachi. Kimani, si waambie? Wewe unajua."

Kimani akaangalia viatu vyake. "Tutaongea baadaye, Wangari."

"Baadaye lini, na wazee wako hapa?"

Wageni wakaondoka chakula kikiwa bado jikoni. Shangazi akamwita dada mwanaume mbele ya kila mtu, na mimi nikaendelea kuosha sufuria kama sijasikia. Jumatatu Wangari akarudi kazini, bila mchumba.

Kimani na wale wazee bado wananiudhi. Lakini aibu ninayoona ni yangu, kwa kumfinya vile.

Kwa hivyo nisikie. Usimwachie mtu kuieleza kazi yako, awe mzee, awe mimi. Anayetaka kukuoa aseme mbele ya watu wake yale anayokuambia mkinywa kahawa Kilimani. Akishindwa, aende zake mapema. Na aliye karibu nawe akisema ukweli, simama naye.

Mungu akupe mdomo usioogopa sebule iliyojaa wazee, na akupe dada bora kuliko nilivyokuwa mimi.