Vani mbili za Mokowe, kutu kwa Fadhil peke yake

Jua halijatoka vizuri, na boti ya kwanza kutoka Wiyoni imeshafika Mokowe. Abiria wanasalimiana na kutafuta chai. Fadhil Abdulqadir hasalimii mtu. Anakwenda moja kwa moja nyuma ya maduka ya gatini, penye kitu kikubwa kilichofungwa turubai la kijani na kamba pande zote, kama vyombo vya mtu anayehama nyumba. Anakizunguka polepole, akipapasa fundo moja baada ya jingine.

Ndani ya turubai hilo mna vani nyeupe. Ni yake, na kila mtu hapa Mokowe anajua ni yake, kwa sababu Fadhil hajawahi kumwacha mtu asahau.

Leo ana mgeni. Valary, fundi aliyetumwa na kampuni ya Mombasa iliyomuuzia gari, ameketi juu ya kisanduku chake cha spana akimwangalia. Alifika jana usiku, akalala papa hapa Mokowe ili aone gari linavyoamshwa.

"Mafundo yako vile vile," Fadhil anamwambia, kwa fahari ya mtu aliyerudi safari akakuta nyumba yake imefungwa. "Hakuna mkono ulioligusa."

Ugomvi kati yake na kampuni ni wa diski za breki, zile sahani za chuma ndani ya gurudumu ambazo hubanwa dereva anapokanyaga breki. Vani hii ilitoka dukani ikiwa mpya kabisa, hata miaka miwili haijatimiza, na waranti yake ni ya miaka mitatu. Lakini diski zote nne zimeliwa na kutu. Zilianza kwa kulia, kisha usukani ukaanza kutetemeka kila breki ikikanyagwa, na abiria wa Malindi wakaanza kuulizana kwa macho. Sasa gari haliwezi kupita ukaguzi, na Fadhil ameacha kubeba watu.

Alipoipelekea kampuni malalamiko, jibu lilikuwa fupi: hewa ya bahari haimo kwenye waranti. Mtu mwingine angekata tamaa. Fadhil alikuwa na hoja, na hoja hiyo ilikuwa na jina la mtu.

"Niliwauliza suala moya tu," anasema. "Gari la Jeilani ni kama langu, latoka duka lile lile. Lalala hapo, na langu lalala hapa. Diski zake hazina hata doa. Je, bahari ina mato ya kuonea, hata ikachagua langu?"

Kampuni ikamtuma Valary aje ayaone magari yote mawili.

Jeilani Taha ni binamu yake, mtoto wa mjomba. Kwa miaka mingi Fadhil aliendesha lori la saruji la tajiri mmoja wa hapa, na Jeilani akiwa tanboi wake, wa kupakia mifuko na kuweka jiwe chini ya tairi. Fadhil ndiye aliyemfundisha kushika usukani. Ndiye aliyeanza pia kuweka akiba ya kununua gari, na ndiye aliyelileta kwanza, akalizungusha Mokowe yote huku akipiga honi. Wiki moja baadaye Jeilani akaleta lake. Kampuni ile ile, aina ile ile, nyeupe.

"Angalau angetaka rangi nyengine," Fadhil anasema, na ni wazi kwamba jambo hilo bado linamkereketa kooni.

Lililomuuma zaidi ni kwamba wateja walimpenda Jeilani. Gari la Jeilani ni chafu. Viti vimepasuka, mchanga umejaa sakafuni, na siku nyingine linanuka samaki. Mwenyewe humwazima yeyote anayeomba: wenye mgonjwa, wenye harusi, watoto wa madrasa wanaokwenda matembezi, hata mtu aliyetaka kusafirisha mbuzi wa akika ya mtoto mchanga. Na bado simu za kazi zinaanza kwake. Fadhil, ambaye gari lake halijawahi kubeba hata kuku, hupata wale waliomkosa Jeilani. Safari ya Malindi kwenda na kurudi humwachia kama shilingi elfu sita baada ya mafuta, lakini kuna wiki ambazo hakupata safari hata moja.

Basi akawa analionea wivu gari lenyewe, kama mtu na mkewe. Hakulaza mtu ndani yake, hakumpa mtu ufunguo. Kwa kuwa nyumbani kwake ni Wiyoni, kisiwani, na gari haliwezi kuvuka, kila jioni ilimbidi aliache ng'ambo ya maji akalale mbali nalo. Hilo hakulizoea. Alinunua turubai nene. Kila jioni aliliosha gari kwa maji ya kisima cha nyuma ya maduka, kisha akalifunika upesi na kulifunga kabla boti ya mwisho haijaondoka. Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, vijana wasije wakaliegemea. Ya pili aliitaja bila haya.

"Wakiliona wataliomba."

Mkewe, Sumeiya, ana maoni yake juu ya turubai hilo. Anasema feni ya chumbani iliharibika mwaka jana na haijatengenezwa, lakini turubai lilipotoboka lilishonwa siku hiyo hiyo. Usiku mume wake huamka, akaenda dirishani, akatazama upande wa Mokowe, kana kwamba gizani ataona kitu. "Mke mwenza wangu ana magurudumu manne," anasema Sumeiya. Anasema hivyo akitabasamu, lakini tabasamu lenyewe si la kumfurahisha mtu.

Hofu ya Fadhil ni moja, na haifichi. Gari lina mkopo wa chama cha akiba. Diski na pedi zinazozibana, za magurudumu yote, pamoja na ufundi, ni zaidi ya shilingi elfu sabini, na gari lisilofanya kazi haliwezi kujilipia. Kampuni ikikataa, hana budi kuliuza. Na mtu aliyekwisha kusema atalinunua, tena barazani mbele ya watu, ni Jeilani.

"Nikilazimika nalitoa kwa mtu yeyote," anasema. "Kwa Jeilani, la."

Sasa anafungua mafundo. Turubai linapofunuliwa, joto linatoka chini yake pamoja na harufu ya nguo zilizosahauliwa ndani ya ndoo. Rangi nyeupe inang'aa, bila alama hata moja. Valary hatazami rangi. Anachuchumaa, anapitisha kidole ndani ya gurudumu, na kidole kinatoka kimelowa, chekundu kama udongo.

Anamuuliza alilifunika saa ngapi. Fadhil anamjibu kwamba mara tu baada ya kuliosha, kama kawaida, wala hajakosa hata jioni moja tangu alinunue. Anamuuliza maji ni ya wapi. Fadhil anamwonyesha kisima. Valary anakwenda, anachota kidogo kiganjani, anaonja, anatema.

Kisha anaomba kuliona gari la Jeilani. Pahali pake ni patupu.

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Fadhil anacheka. Anamwonyesha binamu yake, mtu mrefu mwenye kikoi, ambaye amekaa mgahawani akinywa chai na hana habari gari lake liko wapi hasa. Jeilani anasema kuna jamaa walikuwa na mgonjwa wa kupelekwa Mpeketoni jana usiku, watalirudisha wakimaliza. Ni nani anayeliendesha? Jeilani anafikiri kidogo, kisha anataja jina la mtu ambaye, inavyoonekana, si dereva.

Vani ya Jeilani inarudi jua likiwa limepanda, na matope hadi madirishani. Kufikia hapo watu wameshakusanyika, maana Mokowe haina siri na leo haina kazi nyingi. Valary anatoa gurudumu la mbele. Diski inaonekana, nyeupe, laini, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Anatoa la nyuma. Vivyo hivyo.

"Mwaiona?" Fadhil anawaambia watu. "Yeye walimpa nzima, mimi wakanipa mbovu." Ni hoja aliyoingojea miezi, na sauti yake inapanda nayo.

Valary anafuta mikono. Haonekani kufurahia anachokwenda kusema.

"Bwana Fadhil, gari lako linalala na nguo mbichi kila usiku."

Anamweleza taratibu, na watu wote wanasikiliza. Diski ni chuma kitupu, haina rangi, na kila usiku wa pwani huota kutu nyepesi. Gari likitembea na breki zikakanyagwa, pedi huifuta kutu hiyo. La Jeilani halipumziki, kwa hiyo diski zake hufutwa mchana na usiku. Tena halioshwi, na likisimama hupigwa na upepo likakauka. La Fadhil huoshwa kwa maji ya chumvi, hufungwa likiwa limelowa, joto na unyevu vikabaki ndani mpaka asubuhi. Mara nyingine hukaa wiki nzima bila kutembea. Kutu imepata muda wa kuingia ndani, na sasa hakuna pedi ya kuifuta.

"Ungeliacha wazi," anasema, "tungekuwa tunaongea mengine."

Fadhil hakubali bure. Anamuuliza mbona lori la saruji lililala miaka pale pale na breki zake hazikuliwa. Valary, na hilo ni sifa yake, hamfichi. Anasema lori lile lilikuwa na breki za namna nyingine, zilizofunikwa ndani ya ngoma ya chuma. Anasema pia kwamba diski za vani hizi mpya zinashika kutu upesi kuliko inavyofaa, ameziona hivyo Kilifi na Malindi, na hilo ataliandika kwenye ripoti. "Lakini hawatakulipa. Siwezi kukudanganya halafu nirudi Mombasa nikijua unangoja."

Watu wanatawanyika mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka, na pengine ingekuwa afadhali wangecheka. Fadhil anabaki ameshika mlango wa gari lake, anatazama mbele. Miaka miwili karibu alikuwa akiogopa mikono ya watu. Mikono iliyoliharibu ni yake.

Siku tatu baadaye jibu la kampuni lilikuja kwa simu, nalo lilikuwa lile lile. Sumeiya anasema yeye alicheka hadi akakaa chini mumewe alipomweleza kisa cha turubai. Kisha akamtazama usoni, akaacha. "Nilikuwa nikilionea wivu lile gari, ni kweli," anasema. "Lakini sikupenda aumie hivyo."

Jioni hiyo Jeilani alivuka kwenda Wiyoni. Hakuwa amekanyaga nyumba hiyo tangu magari yanunuliwe. Fadhil alijua amefuata nini, akakaa akiwa ameshaipanga bei kichwani, na ameshaipanga pia namna ya kuitamka bila kumtazama.

Jeilani hakutaja bei. Alikunywa kahawa, akamuuliza Sumeiya habari za wazee, kisha akaweka ufunguo wa gari lake juu ya mkeka.

"Yumatano na Alhamisi ni zako," alimwambia. "Endesha mpaka diski zipatikane."

Fadhil alisema hataki. Alisema hivyo mara kadhaa, na kila mara kwa sababu tofauti. Sumeiya ndiye aliyeinama akauokota ufunguo, akautundika msumarini, akarudi jikoni.

Mwandishi wa makala haya alimkuta tena Mokowe majuma matano baadaye, siku ya Alhamisi, ndani ya vani chafu iliyokuwa ikingoja abiria wa Malindi. Alikuwa amefagia mchanga wote na kushona kiti kimoja. Hakuweza kujizuia. Gari lake mwenyewe lilikuwa limesimama pale pale pa zamani, wazi, na mtoto wa mtu alikuwa ameshaandika jina lake kwa kidole kwenye vumbi la mlango.

Anasema kazi ya kuendesha gari la Jeilani ina adhabu yake. Njia nzima, kutoka mji wa Hindi hadi Witu, watu wanampungia mkono. Wanadhani ni Jeilani. Mwanzo hakuwajibu, akaona ni kama kuiba salamu za mtu. Sasa huwajibu, na wanapomtambua hawaushushi mkono. Jambo hilo analisimulia kwa mshangao ambao hajaumaliza.

Nusu ya pesa za diski ameshapata. Mpango wake ni kufunga mpya kabla ya Ramadhani, kuendesha gari kila siku hata kama ni kuzunguka tu, na kujenga kibanda cha makuti kisicho na kuta, upepo upite. Kampuni hajaisamehe. Anasema kila mwenye vani kama yake pwani hii anafaa kuandika malalamiko, na atawasaidia kuyaandika.

Na Jeilani?

Alifuta usukani ambao haukuwa na vumbi.

"Nitakwambia ukweli," alisema. "Lingekuwa ni lake limeharibika, na mimi ndimi mwenye pesa, ningalilinunua siku ile ile. Kwa bei ya kutupa. Ye hakufanya. Sasa namuonea wivu kwa hilo, kuliko gari, kuliko wateja."

Abiria wa mwisho aliingia akafunga mlango. Fadhil akawasha gari.

"Namuombea gari lake liharibike," alisema. "Siku moya tu, si zaidi. Aye aniombe langu, nami nimpe."