Mashine Isiyo na Risiti

Mashine ya kuchomelea vyuma ambayo fundi amejitengenezea kwa mikono yake haina risiti. Jambo hilo liko wazi hata kwa mtoto, lakini mimi lilinichukua siku moja kulijua, na zaidi ya miaka ishirini kulikubali mbele ya watu.

Nilikuwa polisi Thika, katika kituo kidogo ambacho siku hizi hakipo tena. Alhamisi moja mwenye karakana alikuja kuripoti kwamba mashine yake ya kuchomelea imeibwa. Kesho yake, saa sita mchana, nilikutana na fundi wa mtaa wa Kiandutu akisukuma wilbaro yenye mashine iliyofunikwa kwa gunia. Nikamsimamisha, nikamwuliza risiti. Akasema hana, kwa sababu ameiunda mwenyewe. Sanduku alilikata kwenye bati la pipa kuukuu, na nyaya za shaba akazizungusha kwa mkono, jioni baada ya kazi, kwa miezi mitatu. Nilicheka. Nikamwambia kwamba mwizi niliyemshika wiki iliyopita alidai televisheni yake aliipanda shambani ikamea. Mwenzangu niliyekuwa naye doria akacheka pia. Kisha nikamwamuru fundi aisukume wilbaro yake hadi kituoni, tukipita katikati ya vibanda, huku watu waliomjua wakitazama.

Kila kituo kina kitabu kikubwa kwenye kaunta, tunakiita OB, ambamo kila tukio huandikwa kwa wino na halifutwi. Niliandika kwa ule mwandiko wangu niliojivunia tangu sekondari kwamba mshukiwa amepatikana na mashine ya wizi. Sikuandika kwamba inadhaniwa ni ya wizi. Mkubwa wa kituo akasoma, akanipongeza, na fundi akalala seli.

Jumamosi mchana mlalamishi alikuja kuitambua mali yake. Aliitazama mara moja tu. Yake ilikuwa ya dukani, ya buluu, yenye magurudumu. Hii, akaniambia, imeundwa na mtu, tena mtu anayeijua kazi yake.

Kosa langu hasa linaanzia hapo. La Ijumaa lilikuwa la kutojua, na polisi asiyewahi kukosea hivyo bado hajaanza kazi. Lakini sasa nilijua. Ningeweza kufungua seli dakika ile ile na kuandika mstari mwingine chini ya ule wa kwanza. Nikafikiria mkubwa wangu akiusoma mstari huo, na wenzangu wakiniita mkamata mafundi, nikafunga kitabu. Fundi akabaki seli. Mashine ilibaki nje nyuma ya kituo, bila gunia, kwa sababu gunia nililitumia kufutia viatu. Ikanyesha usiku ule, na Jumapili ikanyesha tena.

Jumatatu asubuhi nilimtoa, nikamwambia ashukuru Mungu hatukumpeleka kortini. Alipoinamisha mashine yake, maji yalimwagika kutoka ndani ya sanduku. Akaipakia kwenye wilbaro, akaondoka. Baadaye nilisikia kwamba alikuwa aanze kazi ya madirisha ya shule Jumamosi ile, na shule ikamtafuta mtu mwingine, maana mwizi haingizwi shuleni.

Nilistaafu, nikajenga Kimbo, upande wa Ruiru, nikafuga kuku. Habari hii sikumsimulia mtu. Mke wangu alikufa bila kuisikia.

Mwaka jana mjukuu wangu wa kike, ambaye naye ni polisi na amepangiwa kazi karibu na Kiandutu, alikuja kunitembelea siku yake ya mapumziko. Chai ilipoa mbele yake. Alinieleza kwamba mitungi ya gesi ilikuwa ikiibwa sana kwenye ploti za nyumba za kupanga, na kwamba alikuwa amemshika mama mmoja wa kibanda cha chakula aliyebeba mtungi begani. Kabla ya saa moja kwisha, mwenye duka la gesi alithibitisha kwamba mtungi ni wa yule mama. Mjukuu wangu akamwachilia. Lakini wateja walikuwa wamemwona akipelekwa, na tangu siku hiyo walikuwa wakikipita kibanda chake na kwenda kula kwa jirani. Wenzake kazini walimshauri anyamaze. Polisi akiomba msamaha hadharani, walisema, kesho hakuna atakayemheshimu. Na hata hivyo, akaongeza, heshima gani? Mtaa ule watu wakiibiwa hawaji kituoni kabisa. Wanavumilia, au wanamshika mshukiwa na kumalizana naye wenyewe, na akasema hilo la pili ndilo linalomnyima usingizi.

Kisha akaniuliza, "Guka, wewe ulipokosea ulifanya nini?"

Ananiita Guka, kama watoto wote wa kwetu wanavyomwita babu. Nilikuwa na jibu fupi la uongo, na nililifikiria. Halafu nikamsimulia yote, kuanzia wilbaro mpaka maji ndani ya sanduku. Nilitarajia anipoze moyo kidogo, mzee kama mimi. Aliniuliza kama fundi yule yuko hai. Nikasema sijui.

"Hujui, ama hujauliza?"

Nikakiri kwamba sijauliza.

"Basi kuomba msamaha tutaanza na wewe, Guka."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Kiandutu, yeye akiwa amevaa nguo za kiraia. Kumpata fundi hakukuwa kazi. Alikuwa kwenye safu ya karakana, pale pale alipofanyia kazi zamani, nywele zimekuwa nyeupe, miwani myeusi usoni, anachomelea geti. Alituona tukifika na hakuacha kuchomelea. Alipomaliza kiungo chake akanyanyuka taratibu.

"Afande," akasema. "Leo unataka risiti ya nini?"

Mafundi wa jirani wakacheka. Nilimsogelea, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nimekuja kumwomba msamaha, na kwamba kuna jambo asilolijua. Nilijua tangu Jumamosi ile kwamba mashine ni yake.

Akavua miwani. "Jumamosi?"

"Jumamosi mchana."

"Na ukaniacha mle ndani hadi Jumatatu."

"Ndiyo."

Akaiweka miwani juu ya geti.

"Siku ile hukunikamata kwa kunong'ona, mzee," akasema. "Hayo uliyoniambia, yaseme vile vile, hawa wasikie."

Niligeukia barabara, nikasema. Nilisema mashine ilikuwa yake, alikuwa ameiunda mwenyewe, nami nilijua nikanyamaza ili nisichekwe. Wengi waliosimama pale hawakuwepo enzi zile. Lakini mama mmoja muuza ndizi, mkongwe wa mahali hapo, aliacha kuzipanga ndizi zake.

"Kumbe alikuwa anasema ukweli," akasema. "Na mimi nikakataa amwoe dada yangu."

"Hapo ulinisaidia," fundi akamjibu, na watu wakaangua kicheko, yeye mwenyewe akiwamo.

Hakuniambia kwamba amenisamehe. Alinisogezea kiti nikae nipumzike, chai hakuagiza, akarudi kwenye geti lake. Nilikaa nikaona mashine anayotumia. Sanduku lake limekatwa kwenye bati la pipa.

Tukirudi, mjukuu wangu aliniambia tu kwamba Jumatatu ana zamu ya mchana. Siku hiyo alikwenda kwenye kibanda cha yule mama saa ya chakula, akiwa na sare kamili, viti vya jirani vikiwa vimejaa. Akawaambia watu kwamba mama huyu si mwizi, mtungi ni wake, aliyekosea ni yeye polisi, na ameshaandika hivyo kwenye OB. Kisha akaketi, akaagiza githeri, mahindi na maharagwe. Mama alimchelewesha makusudi, akampakulia nusu sahani bila parachichi. Akala yote. Kabla hajamaliza, wateja wawili walikuwa wamevuka kutoka kwa jirani. Siku hizi, ananiambia, sahani yake inajazwa.

Wiki chache baadaye alinipigia simu akiwa kazini. Fundi alikuwa ametoka pale sasa hivi, mtu wa kwanza wa safu ile ya karakana kuja kuripoti tangu yeye ahamie kituo hicho. Grinda yake ya kukatia vyuma imeibwa. Alisimama kaunta, akataka kila mstari asomewe kwa sauti unapoandikwa. Walipofika kwenye mstari wa jirani anayemshuku, fundi alimsimamisha kalamu ikiwa hewani.

"Andika ninadhani," alimwambia. "Sikumwona kwa macho."

"Na umeandika?" nikamwuliza.

"Nimeandika, Guka."

Nikamwomba anisomee mstari huo. Aliposoma, nikamwomba ausome tena.